Alama ya Vema Uliyoikuta Imewekwa

Januari 2013 watumiaji wa kompyuta walipewa onyo lisilo la kawaida. Kitengo cha usalama wa mtandao cha Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani kiliwashauri wazime Java katika vivinjari vyao, kwa sababu wahalifu walikuwa wamegundua tundu ndani ya programu hiyo na walikwisha kuanza kulitumia kuingilia mashine za watu. Siku chache baadaye kampuni ya Oracle, mmiliki wa Java, ikatoa sasisho la kuliziba. Aliyelisikia onyo na kulikimbilia sasisho hilo alikuta, katikati ya hatua za kulisakinisha, ukurasa wenye kisanduku kidogo ambacho tayari kilikuwa na alama ya vema. Kisanduku hicho hakikuhusu usalama hata chembe. Kilieleza kwamba pamoja na dawa uliyoijia utachukua na upau wa zana wa Ask, na kwamba tangu sasa Ask ndiyo itakayokutafutia mambo mtandaoni. Mwandishi wa habari za teknolojia Ed Bott alifuatilia kilichotokea baada ya hapo, akabaini kwamba kisakinishi cha upau huo kilikaa dakika 10 bila kufanya lolote. Mtu aliyeshtuka na kwenda haraka kwenye orodha ya programu ili auondoe, hakuukuta. Uliingia baadaye, alipokwisha kuinuka kitini.

Waliokutana na intaneti kwa mara ya kwanza kwenye simu huenda hawajawahi kuona upau wa namna hiyo. Ulikuwa ukanda uliojipachika chini ya sehemu ya anwani ya kivinjari, ukiwa na kisanduku cha kutafutia, kitufe cha hali ya hewa, cha michezo na cha vikatuni vya kutumia kwenye barua pepe. Programu za bure zilizopakuliwa, kama vile za kuchezea muziki, za kubadili mafaili au za kusafishia kompyuta, zilikuja nao mgongoni. Kwenye kompyuta iliyotumiwa na watu wengi, kama zile za saiba kafe, pau ziliweza kurundikana moja juu ya nyingine hadi ukurasa wenyewe ukabaki na nafasi ya dirisha la choo. Ukurasa wa mwanzo ulibadilika bila mtu kuubadili. Kivinjari kilichokuwa kikifunguka mara moja kikawa kinakohoa kwanza.

Muuza nyanya akikuongezea moja juu ya fungu ulilolipia, tunaiita nyongeza, nawe unaiona ikiingia kapuni. Ni hisani ya muuzaji kwa mnunuzi, na inatoka mfukoni mwake. Upau ulikuwa nyongeza iliyogeuzwa nje ndani: mtu wa tatu amemlipa muuzaji atie kitu chini kabisa ya kapu lako, na faida ya biashara hiyo inategemea usikione mpaka umefika nyumbani. Pau zenyewe zimekwisha kufa karibu zote, na sioni mtu anayezililia. Kilichoziingiza ndani, yaani alama ya vema iliyowekwa na mkono wa mwingine kwa niaba yako, bado ki hai na kinaendelea kuhesabiwa kuwa ni ridhaa. Nadai kwamba si ridhaa, haikuwa hata siku moja, na sheria zetu zinapaswa kusema hivyo kwa programu na huduma zote za kidijitali, si kwa taarifa binafsi peke yake.

Tuanze na fedha, maana bila hizo mambo mengine hayaeleweki. Kila mara mtu anapoandika neno kwenye kisanduku cha utafutaji, kuna uwezekano kwamba atabonyeza tangazo, na tangazo hilo lina bei. Anayemiliki kisanduku anachokitumia mtu kwa mazoea anamiliki bomba linalotiririsha senti mchana na usiku. Kampuni ya IAC ilipoinunua Ask Jeeves, kampuni ya injini ya utafutaji ya Ask, mwaka 2005 kwa takriban dola bilioni 1.85, ilinunua injini ambayo haikuwa na matumaini makubwa ya kuishinda Google kwa ubora wa majibu. Ilichoweza ni kuwahi mlangoni. Na haikuwa peke yake pale mlangoni. Mwaka huohuo Sun Microsystems, mmiliki wa Java kabla ya Oracle, ilitangaza mkataba wa kusambaza pamoja na Java upau wa Google yenyewe, uliokuwapo tangu mwaka 2000. Kampuni ya Conduit ya Israeli, iliyojulikana zaidi kwa kutengeneza pau, ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1.3 mwaka 2012, benki ya JPMorgan ilipowekeza humo. Watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York walipoichambua biashara hii katika utafiti uliotoka mwaka 2016, walikuta kwamba wenye programu za kubebwa walilipa kati ya senti 10 za Marekani na dola 1.50 kwa kila kompyuta moja iliyoingiziwa. Utafiti huo uliripoti pia kwamba mfumo wa usalama wa Google ulikuwa ukitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kila wiki kuhusu programu za aina hii, mara tatu ya maonyo kuhusu virusi na wenzao.

Nafasi ya kuwa chaguo ambalo mtu hakulichagua ina thamani gani hasa? Kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google imetupa jibu. Katika hukumu yake ya Agosti 2024, Jaji Amit Mehta alieleza kwamba mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe injini inayokutwa tayari kwenye simu na vivinjari vya watu. Kampuni ambayo jina lake limekuwa kitenzi katika lugha kadhaa za dunia inalipa kiasi hicho ili watu wasilazimike kuitafuta. Haifanyi hivyo kwa ukarimu. Inajua kwamba binadamu akikuta kitu kimepangwa, hukiacha kilivyopangwa.

Jambo hilo limepimwa hata pale uamuzi unapohusu mwili wenyewe. Mwaka 2003 watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa nchi za Ulaya kuhusu uchangiaji wa viungo baada ya kifo. Ujerumani, ambako mtu alihesabiwa kuwa amekataa mpaka aseme amekubali, waliohesabiwa kuwa wamekubali walikuwa asilimia 12. Austria, jirani yake wa lugha moja, ambako mtu alihesabiwa kuwa amekubali mpaka aseme amekataa, walikuwa asilimia 99.98. Hakuna anayeweza kuamini kwamba mpaka wa Ujerumani na Austria unatenganisha watu wachoyo na watu wakarimu kwa kiwango hicho. Kilichopimwa kilikuwa fomu. Kuhusu viungo, kuna hoja nzito ya kuipanga fomu upande wa uhai, kwa sheria iliyojadiliwa bungeni. Anayeipanga fomu ili apate senti kwa kila kichwa hana hata chembe ya hoja hiyo, ila maarifa yaleyale anayo.

Utetezi wa kwanza tunaousikia ni kwamba hakuna aliyelazimishwa. Kisanduku kilionekana, maandishi yalikuwapo, alama iliweza kuondolewa. Aliyebonyeza "endelea" bila kusoma alaumu haraka yake. Tunao hata msemo wa kuupamba utetezi huu, kwamba kunyamaza ni kukubali. Lakini tuutazame msemo huo unapofanya kazi kweli. Hata pale mila inapohesabu kimya cha mwari kuwa jibu, sharti ni kwamba ameulizwa, kwa lugha yake, kuhusu jambo lenyewe, na muulizaji amesubiri. Hakuna mzee aliyeuliza juu ya hali ya shamba kisha akatangaza kwamba binti amekubali kuolewa. Mtu wa Januari 2013 alikuja kuziba tundu la usalama. Swali alilokuwa akilijibu kwa kila kitufe lilikuwa hilo. Upau uliingizwa ndani ya jibu la swali jingine, na kwa mtumiaji wa Mwanza au Mombasa uliingizwa kwa Kiingereza cha kisheria, kwenye fomu ambayo haikuwahi kujua kwamba Kiswahili kipo.

Kuna mfano ulio karibu zaidi na sisi. Mpiga kura wa Tanzania hupewa karatasi na kuelekezwa aweke alama ya vema mbele ya mgombea anayemtaka. Tuseme siku moja karatasi zinatoka zikiwa na vema mbele ya mgombea mmoja, na pembeni, kwa herufi ndogo, yameandikwa maelezo kwamba asiyemtaka anaruhusiwa kuifuta. Uhuru wa kufuta ungekuwa kamili, na asiyesoma angeweza kuambiwa ajilaumu. Bado hakuna mahakama wala mama lishe ambaye angekubali kuziita hizo kura. Tungesema aliyepiga kura ni aliyechapisha karatasi. Sioni sababu ya kuwa na akili hiyo kwenye kituo cha kupigia kura na kuikosa mbele ya kompyuta. Na kuhusu zile dakika 10: anayeamini kwamba mwenye nyumba amemkaribisha hangojei mwenye nyumba alale.

Utetezi wa pili una uzito zaidi, na sitaki kuupita juu juu. Programu za bure hutengenezwa na watu wanaokula. Seva zinalipiwa, umeme unalipiwa, na mtumiaji wa nchi zetu, ambaye mara nyingi hana kadi ya benki ya kununulia leseni ya dola 40, ndiye anayefaidika zaidi na kuwapo kwa kitu cha bure. Kama upau ndio uliokilipia, si afadhali upau? Ingekuwa afadhali laiti fedha zingekwenda huko zinakosemwa. Desemba 2011 Gordon Lyon, mtunzi wa Nmap, chombo kinachoheshimika miongoni mwa wataalamu wa usalama wa mitandao, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya Download.com iliifunga kazi yake ndani ya kisakinishi chake yenyewe, kilichowapachikia watu upau na kuwabadilishia injini ya utafutaji. Hakuwa ameombwa ruhusa. Waundaji wa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, waliihama tovuti ya SourceForge mwaka 2013 kwa sababu ya matangazo ya kudanganya na visakinishi vya aina hii; mwaka 2015 SourceForge ikaishika akaunti iliyoachwa ya GIMP ya Windows na kuanza kuisambaza ikiwa imefungwa pamoja na bidhaa za wengine. Wamiliki wapya walioinunua tovuti hiyo mwaka 2016 waliifuta biashara hiyo mara moja. Kwa hiyo mara nyingine mtunzi alikuwa mhasiriwa wa pili, jina lake likitumika kama chambo. Na Oracle haikuwa kijana aliyekesha chumbani akitunga programu kwa mkopo. Ni miongoni mwa kampuni tajiri kuliko zote katika fani hii.

Hata tukiwachukua watunzi wadogo waliolipwa kweli, bado swali ni lilelile: kisanduku kingekuwa kitupu, wangepata nini? Wakijibu kwamba wangepata karibu vilevile, basi hakuna hasara ya kukiacha kitupu. Wakijibu kwamba mapato yangeanguka, wamekiri kwamba walichouza ni kutotazama kwa watu, na mteja hakuwa anachangia chochote kwa hiari. Njia nyingine zipo. VLC, programu ya video inayotumika duniani kote, imeishi miaka yote bila matangazo wala vibebwa. Kiongozi wa mradi huo, Jean-Baptiste Kempf, amesema wazi kwamba alikataa mamilioni ya euro ya wanaotaka kupanda mgongoni mwake. Nakubali kwamba si kila mradi una bahati ya kupendwa kama VLC, na mtunzi anayeomba mchango, anayeonyesha tangazo waziwazi au anayetoa kisanduku kitupu na kueleza kwamba ukikiwekea alama utamsaidia, simnyooshei kidole. Mtu huyo ameuliza.

Wengine watasema tunakuza mambo. Upau ni kero tu, kama inzi. Mwaka 2015 ulilionyesha jibu. Ilibainika kwamba kompyuta nyingi za Lenovo zilikuwa zimeuzwa zikiwa na programu ya kupachika matangazo kutoka kampuni ya Superfish. Ili iweze kupachika matangazo hata kwenye kurasa zilizofungwa kwa usimbaji, ilijifanya mthibitishaji wa tovuti zote, ikiwemo ya benki yako, na ufunguo wa siri wa uthibitishaji huo ulikuwa mmoja kwenye mashine zote. Mtaalamu Robert Graham aliuvunja haraka. Nywila iliyoulinda ilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza kipande hicho. Yeyote mwenye ufunguo huo, akikaa kwenye mtandao mmoja na wewe, angeweza kujifanya benki. Lenovo ilimaliza shauri na Tume ya Biashara ya Marekani, pamoja na majimbo 32, mwaka 2017. Februari 2024 tume hiyohiyo iliitaka Avast, watengenezaji wa kinga ya virusi, walipe dola milioni 16.5 kwa kuuza historia za watu mtandaoni zilizokusanywa kupitia viendelezi vya vivinjari na programu zao, huku wakiwaahidi watu hao kuwakinga dhidi ya ufuatiliaji. Anayepata nafasi ya kukaa ndani ya kivinjari anakaa mahali unapoandikia nywila, magonjwa yako na madeni yako. Pia tusisahau hesabu ndogo za huku kwetu: anayenunua bando la siku kwa MB analipia kila tangazo linalojivuta lenyewe, na mwenye kompyuta ya mtumba analilipia kwa uzito wa mashine.

Je, soko halikujitibu? Chrome ya Windows ilianza mwaka 2014 kukataa viendelezi visivyotoka kwenye duka lake. Microsoft iliziorodhesha aina za zamani za upau wa Ask kuwa programu zisizotakiwa mwaka 2015. Google iliuzika upau wake mwaka 2021. Ni kweli, na nawashukuru wahandisi waliofanya kazi hiyo. Lakini waliofunga mlango walikuwa wenye vivinjari, na wenye vivinjari wana injini zao za utafutaji. Kila upau wa Ask uliotupwa ulirudisha kisanduku mikononi mwao. Oracle nayo ilipoachana na Ask katikati ya 2015 ilihamia kwa Yahoo. Biashara ileile, mnunuzi mpya. Kanuni kwamba alama ya mtu mwingine haihesabiki kuwa yako haikuandikwa na soko popote.

Iliandikwa na mahakama. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Planet49, kampuni ya Ujerumani iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni na kuwawekea washiriki alama tayari kwenye kisanduku cha kukubali kufuatiliwa. Majaji walisema ridhaa inadai kitendo cha mhusika mwenyewe. Kutoiondoa alama si kitendo. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, inayodai ridhaa iwe bayana, huru, mahususi, yenye ufahamu, na ionyeshwe kwa kauli au kitendo dhahiri. Tanzania ilifuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya kuisimamia. Tatizo ni kwamba sheria hizi zinalinda taarifa zako. Anayekubadilishia injini ya utafutaji, anayekuongezea programu, au anayekuunga kwenye huduma ya jumbe za vichekesho inayokata salio kila asubuhi, anaweza kudai kwamba hajagusa taarifa yoyote. Wasimamizi wa mawasiliano na wa haki za watumiaji hawahitaji kungoja sheria mpya nene ili kuliziba pengo hilo. Kanuni fupi inatosha: kila kisanduku cha kitu cha ziada kianze kikiwa kitupu, kitufe cha kukataa kiwe na ukubwa na rangi ya kile cha kukubali, maelezo yawe kwa lugha ambayo bidhaa inauziwa, na kinachoondolewa kirudishe mipangilio kama ilivyokuwa.

Ninasisitiza uharaka kwa sababu mchezo umekwisha kusogea hatua moja mbele. Nunua simu mpya ya bei ya chini Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, iwashe kwa mara ya kwanza, na utazikuta ndani yake programu za habari, za michezo, za mikopo na za "kusafisha" simu ambazo hukuziomba, na ambazo mtengenezaji kwa kawaida hulipwa ili aziweke. Baadhi yake ukizibonyeza uzifute, simu inakupa neno "zima" peke yake, "futa" haipo. Kule kwenye Java ya 2013, angalau, alama ya vema iliwekwa mbele ya macho yako na ungeweza kuiondoa.